Mwalimu Tusekile Kibona na Ile Mbili Isiyo na Kizio

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Enesi, kwa agizo la marehemu mwenyewe. Wiki chache kabla hajafariki alimwambia, "Enesi, usije ukanipamba. Soma yote, na habari ya titi usiiruke." Wazazi na waombolezaji wenzetu, mtatuvumilia.

Mwalimu Tusekile alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 Ibaba, Ileje, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Gwakisa Kibona na marehemu Mama Anastazia, wakulima wa viazi na pareto. Alikuwa mtoto mwoga, hilo halifichiki. Radi ikipiga aliingia uvunguni mwa kitanda, na mama yake akimwita atoke, alijibu kutoka hukohuko kwamba bado anahesabu. Kuhesabu ndiko kulikomtuliza roho.

Alimaliza darasa la saba Ibaba mwaka 1986 na kidato cha nne mwaka 1990, kisha akasomea stashahada ya ualimu wa fizikia na hesabu, aliyoipata mwaka 1993. Kwa mtoto aliyekuwa akikimbia radi, kusomea fizikia ilikuwa kama kumfuata adui nyumbani kwake, na baba yake alimtania hivyo mpaka uzeeni.

Alianza kazi Januari 1994 katika shule moja ya sekondari Nanyala, akafundisha hapo na baadaye Tunduma kwa zaidi ya miaka thelathini. Somo alilolipenda kupita yote ni kubadili vizio vya urefu, kutoka vile vinavyopima umbali wa jua hadi vile vinavyopima unene wa unywele. Siku moja alimwita ubaoni mwanafunzi wake, Justine, ageuze gigamita mia moja na hamsini, umbali wetu na jua, kuwa nanomita. Kijana akaandika kumi na tano, akaanza kupanga sifuri, ubao ukamwishia, akaendelea ukutani mpaka kwenye fremu ya mlango. Darasa zima lilimshangilia. Alipogeuka na kusema kwa majivuno, "Nimemaliza, Madam," Mwalimu akamuuliza, "Hizo zote ni nini? Mbuzi?" Alikuwa amesahau kuandika kizio, akapata sifuri nyingine juu ya zile za ukutani. Kwa Mwalimu Tusekile, jibu lisilo na kizio halikuwa jibu.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na Shadrack Silwimba, mfanyabiashara wa mahindi hapa Tunduma, wakajaliwa watoto wawili, Mercy na Joshua. Walipendana kwa utani mwingi. Mumewe alipenda kusema kwamba nyumbani kwake hata ugali unapimwa.

Februari 2024, akioga, aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Roho ikamruka. Tarehe 13 mwezi huohuo alipimwa hospitali, akaambiwa una milimita tisa, na kwamba arudi baada ya wiki moja ili uchukuliwe kipande kidogo kikachunguzwe. Mumewe aliisikia hiyo tisa na kuishika. Mwalimu hakurudi. Kila wiki alikuwa na sababu: mtihani, kilimo, msiba wa jirani. Sababu ya kweli ilikuwa woga. Usiku aliuweka mkono juu ya titi, kisha akauondoa upesi asije akajua kitu.

Alirudi kupimwa tarehe 17 Septemba 2024, kwa kusukumwa na mumewe, ambaye alisubiri nje kwenye benchi. Mlango ulipofunguliwa, Shadrack alisimama.

"Mama Mercy, wamesemaje?"

Mwalimu akasema, "Mbili."

"Mbili! Kutoka tisa? Bwana asifiwe!"

Zilikuwa sentimita mbili, yaani milimita ishirini. Uvimbe ulikuwa umepita mara mbili ya ule wa kwanza, na yeye, aliyekuwa akiwanyima watoto wa watu maksi kwa kusahau kizio, alikificha makusudi.

Jumapili ile familia ilipeleka sadaka ya shukrani kanisani, na mbuzi akachinjwa. Mama mkwe wake, Bibi Aida, alicheza mpaka kitenge kikamvuka. Shadrack alisimama mbele ya usharika akasema, "Zilikuwa tisa, zimebaki mbili, na hizo nazo zitakwisha!" Vigelegele vilipopigwa, Mwalimu alikaa akiwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Alimsimulia Enesi baadaye kwamba katika maisha yake hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa katikati ya vigelegele vile.

Aliusema ukweli Desemba, maumivu yalipokuwa yamefika kwapani.

"Baba Mercy, ile mbili haikuwa ya milimita."

"Ilikuwa ya nini?"

"Sentimita."

Shadrack hakuwa na haja ya kufundishwa hesabu hiyo. Akauliza, "Sasa kwa nini uliniacha nikafurahi vile?"

"Niliogopa. Nilitaka angalau mmoja wetu asiogope."

Alifanyiwa upasuaji Mbeya Januari 2025, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Mumewe hakumlaumu hata siku moja. Mwalimu alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri. Hatutasema alikufa kishujaa. Alikufa akiogopa, sisi tukiwa tumemshika, naye ametushika kwa nguvu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mama mkwe, mdogo wake Enesi, na wanafunzi wasiohesabika.

Mwalimu Tusekile, ulale pema, mama. Umeogopa vya kutosha.

Lipo moja limebaki, na Mercy ametuomba tuliseme hapa mbele yenu. Alhamisi, mama yake akiwa bado anasikia, Mercy alimweleza kwamba na yeye ameona uvimbe kwenye titi lake. Tunajua kwamba mtoto wa marehemu haondoki nyumbani kabla ya matanga kuanuliwa. Wazee wamekaa asubuhi hii wakamruhusu. Mtakaokuja kesho kutupa pole hamtamkuta. Atakuwa ameshatangulia hospitali na baba yake, kwa basi la kwanza.