Mkono wa Kushoto wa Mama Taratibu

Baada ya miaka thelathini na minne katika kliniki yetu ya wajawazito, mkunga tunayemwita Mama Taratibu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina hilo alipewa na madereva wa gari la wagonjwa, ambao hajawahi kuwaruhusu wapige honi getini.

Alianza kama muuguzi wa zamu, akapanda hadi mkunga mkuu. Mara mbili alikataa cheo cha ofisini, akidai mafaili hayachezi tumboni. Hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai kabla hakijapoa.

Kila asikilizapo moyo wa mtoto, mkono wake wa kushoto hushika kifundo cha mkono wa mama. Wageni hudhani anambembeleza. Muuguzi mmoja mgeni alidhani hivyo, na ndiye anayeandika wasifu huu.

Miaka tisa iliyopita alikuja fundi cherehani, mimba ikiwa na wiki ishirini na mbili. Mtoto alikuwa hajacheza tangu juzi yake. Mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano, nayo ilianza vivyo hivyo, kwa ukimya. Mgeni alichukua mashine ya kusikilizia moyo, akasikia mapigo, akatangaza kwamba mtoto ni mzima. Fundi alilia kwa furaha. Mumewe, aliyekuwa mlangoni, akampigia simu mama mkwe papo hapo.

Mama Taratibu alikuwa akipita. Aliyasikia mapigo yale, akasimama. Kwa mtoto, yalikuwa ya polepole mno. Akashika kifundo cha fundi, na mapigo ya hapo yakaenda sambamba na ya mashine. Ulikuwa moyo wa mama mwenyewe.

Hakumfokea mtu. Alivuta kiti, akamwambia fundi kwamba tumekosea, kwamba mtoto bado hatujamsikia, na kwamba yeye haondoki hapo mpaka ijulikane moja. Mume alikata simu bila kuaga. Mgeni alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama Taratibu alitafuta kwa dakika kumi na moja. Chini ya kitovu, hakuna kitu. Kulia, hakuna kitu. Akamlaza fundi ubavu, akaanza upya, na fundi akaacha hata kuuliza. Kisha, chini kabisa karibu na nyonga, yakasikika mapigo mengine, ya haraka. Mama Taratibu hakutangaza neno. Aliuchukua mkono wa mgeni, akauweka kwenye kifundo cha fundi, akasubiri mgeni athibitishe mwenyewe. Mapigo yalikuwa mawili tofauti. Baadaye picha ilionyesha kondo la nyuma limekaa mbele, likiyapokea mateke yote.

Si kila mara ilikuwa hivyo. Wapo walioondoka mikono mitupu, na Mama Taratibu anazikumbuka tarehe zao. Hao hukaa nao muda mrefu kuliko wote.

Gauni atakalovaa Ijumaa limeshonwa na fundi yule. Vipimo vilichukuliwa na binti yake wa miaka minane, asiyetulia hata dakika moja, na Mama Taratibu akasema hajawahi kufurahia fujo kiasi hicho.

Mama Taratibu, asante kwa kutufundisha kuhakikisha kabla ya kusema. Mikono yetu ya kushoto inajua kazi yake sasa. Ustaafu wako uwe wa furaha na afya njema, na chai ya Jumatatu uinywe ikiwa moto.