Mwana wa Kupakatwa Halipi

Tulipokimbia vita kutoka kisiwa cha Chula kwenda Kiunga, ng'ambo ya mpaka, mashua ilitoza ziada kwa kila kitu: mzigo, maji, hata kivuli cha tanga. Pumzi tu ndiyo waliyoisahau. Tahir, aliyelipia godoro lake, alimchungulia mwana aliyefunikwa leso mapajani pa jirani yetu Barke. “Dada, mwana gani huyu ana gurudumu?” “Ni cherehani, kaka! Mwana wa kupakatwa halipi!” “Subhanallah! Na mimi nimelipa! Namwambia nahodha!” “Mwambie! Huko ugenini utanilishia wanangu wewe?” Nahodha huyo, akatujia. Tahir akafumbua kinywa. Papo hapo mashua ikagota mchangani Kiunga, sote tukayumba. “Dada!” akapiga kelele Tahir. “Mshike mwana asianguke!”