Dairekta Aliyenizika Nikiwa Hai

Ndugu zangu wa chama, na nyinyi wageni mliokaa karibu na mlango, Mungu azidi kuwapa uhai. Mwenyekiti amenionya nisile muda wa watu. Mwenyekiti, nivumilie. Mtu aliyekufa kisha akafufuka hawezi kusimulia kwa kifupi.

Mnacheka. Ngojeni.

Wengi mnalijua duka langu hapa Bwera, kwenye njia ya kwenda mpakani. Nakaanga kahawa, naisaga, nauza kwa pakiti na kwa kikombe. Kahawa yenyewe inatoka Kyondo, kule mlimani, shambani kwa mama yangu. Miaka yote mama alikuwa akiwauzia wachuuzi wanaopita na mizani yao, mpaka mimi nikajitia ujuzi: "Mama, mwaka huu usiwape. Niachie mimi." Mama akakubali. Akapanga magunia ndani ya chumba chake mpaka kitanda kikabanwa ukutani.

Huku nyuma nimefungua duka, na duka haliingii mtu. Mama akipiga simu kuuliza magunia yatatoka lini, namwambia karibuni. Mwenye nyumba naye alianza kupitapita mlangoni na mbadilishaji pesa mmoja, wanapima chumba changu kwa macho. Ndugu zangu, nawaambia, mchana nilikuwa natabasamu, usiku nahesabu kodi ya chumba.

Nikashauriwa kwamba biashara ya siku hizi ni video. Sawa, lakini nani anipigie? Sasa sikieni nilivyomchagua dairekta wangu. Tulikuwa tunamzika mfanyabiashara mmoja, simtaji, na pale msibani wakaonyesha video ya maisha yake. Jamani! Hata jirani aliyegombana naye juu ya shamba mpaka mahakamani alilia kamasi zikamtoka. Nikajiambia, kama aliyetengeneza hii anaweza kumliza huyu, atashindwaje kuuza kahawa? Nikamfuata palepale, udongo haujakauka.

Mnaguna sasa. Siku ile mlikuwa wapi?

Dairekta akaja na suti nyeusi. Akaniambia mimi nivae nyeupe. "Mama, usicheke. Angalia kule ku mulima. Polepole. Fanya sawa vile unaaga batu." Nikamwuliza, nikishaaga hao watu, kahawa ataipiga saa ngapi? "Ile ni kitu kidogo, mama. Batu bakilia, batakuja." Nikamkaribisha kikombe. Akakataa, eti kahawa inamnyima usingizi. Mimi hata hapo sikushtuka.

Jumamosi asubuhi akaituma kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Kinanda kinalia taratibu. Natokea kati ya mawingu nimevaa nyeupe pe. Chini yangu, maandishi ya dhahabu: "Mama wa Kahawa. Aliihudumia Bwera kwa upendo." Halafu mwaka niliofungua duka, halafu kistari, halafu sura yangu inapanda juu ya Rwenzori mpaka inapotea. Kahawa ilikuwapo, kikombe kimoja mezani, kando ya mshumaa. Na mimi mwenyewe nilipoitazama, nililia! Nikasema kazi safi.

Basi, jua halijafika utosini, nikasikia vilio barabarani. Nikatoka na birika mkononi nione nani amefiwa. Lori limesimama mbele ya duka langu, akina mama wa Kyondo wanashuka na kuni, maharage na mikungu ya ndizi, na mbele yao mama yangu mzazi anakuja analia jina langu. Shangazi aliyekuwa nyuma yake aliponiona alitupa kuni zake akatimua mbio mpaka kwa wabadilisha pesa.

Mama hakukimbia. Alinishika uso kwa mikono miwili. Akanizaba kofi. Kisha akanikumbatia. "Mutoto yangu! Nimekulilia toka kule mulimani, kumbe uko napika kahawa?"

Hapo sikucheka, ndugu zangu. Nilisikia moyo wake unavyopiga kifuani, nikaona haya sana. Chumba nilikuwa nimemjazia magunia, na sasa nimempa na msiba.

Lakini mnajua kwetu: aliyetoka mbali kuja msibani harudi na tumbo tupu, hata kama maiti ndiye anayepika. Nikawasha kuni zao wenyewe, nikachemsha kahawa, nikawapa. Duka likajaa kwa mara ya kwanza. Mwenye nyumba akaja na uso wa rambirambi, akakosa pa kukaa.

Wageni walipotulia, mmoja wenu, yumo humu na anajijua, akaniuliza: "Video za yule bwana zimewahi kuuza nini?" Nikafikiri. Nikajibu, "Labda majeneza." Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Akanipeleka Kasese mjini, upande wa Nyamwamba, kwa dairekta mwingine, mwanamke.

Dada huyo akaja kukaa dukani kutwa nzima, kamera imo ndani ya begi. Anakunywa kahawa, anauliza. Nani hununua? Wanakuja saa ngapi? Yule dereva mbona ameangalia ndani akapita? Nilimwona mvivu, nusura nimfukuze. Jioni akamsimamisha mwanaboda asiyenijua, yuko juu ya pikipiki yake, akamwonyesha video yangu ya kwanza, akamwuliza hapa kinauzwa nini. Mwanaboda akavua kofia. "Poleni sana. Munazika lini?"

Video ya pili ina mama yangu akianika kahawa Kyondo, mimi na aproni yangu iliyoungua nikikaanga, dereva wa lori akipuliza kikombe, na sauti yangu ikisema duka liko wapi. Kabla ya kuituma akamwita mwanaboda mwingine. Huyo hakutoa pole. Alisema, "Iko hapa kwako? Nipe kikombe."

Leo madereva wa mpakani wanasimama kwangu, na watu wa ng'ambo ya mpaka wanabeba pakiti. Magunia ya mama yametoka yote. Mbadilishaji pesa ametafuta chumba kwingine.

Ninachowaachia ni hiki: usimchague dairekta kwa machozi yako. Mwulize kazi zake zimeuza nini, kisha nyamaza, uone kama yeye ana lolote la kukuuliza. Asipouliza kitu, muage kwa heshima. Yule wa kwanza simlaani. Kwenye misiba hana mpinzani, na wangu nitampa yeye, maana video ameshaimaliza.

Namshukuru mama. Namshukuru dada wa Nyamwamba, na aliyenipeleka kwake. Na nyinyi mliopanda lile lori, pamoja na shangazi aliyekimbia, Mungu awabariki. Wengi huingia kaburini bila kujua nani angewalilia. Mimi nimewaona kwa macho yangu. Ila nawaombeni, msisubiri tena nife ndipo mje. Duka nafungua asubuhi na mapema.