Edwin Thacker, Aliyeacha Nyasi za Mtaro Zikue

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi mliobaki mlangoni kwa aibu ya viatu vya matope, mimi ni Hilary, mtoto pekee wa marehemu, na mama amenituma niwasomee maisha ya baba kwa kuwa sauti yake imekauka tangu Jumanne, kwa sababu nitakayoifikia.

Marehemu Edwin Thacker alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 hapa hapa Cowdyke, Lincolnshire, katika nyumba ile ile tulimomtoa leo asubuhi kumleta hapa kanisani, akasoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1949, kisha mjini Spalding hadi Julai 1959, alipoitwa nyumbani kuvuna viazi na asirudi tena darasani. Tangu hapo alilima shamba la babu, ngano, viazi na kabichi, kwenye ardhi hii tambarare ambayo bila mitaro ingekuwa ziwa, na kama vijana wote wa hapa alifundishwa kwamba mkulima hujulikana kwa usafi wa mtaro wake, na kwamba chochote chenye mkia kinachotoboa ukingo ni panya, kiuawe.

Alifunga ndoa na Doreen Pask tarehe 14 Mei 1966 katika kanisa hili, wakanipata mimi tarehe 20 Januari 1969, na maisha yao yalikuwa ya kawaida mpaka Aprili 1991. Siku moja mwezi huo, akiwa na koleo mkononi, alimkuta mmoja wa hao panya kwenye mtaro mrefu nyuma ya ghala, mnene, pua butu, masikio yamezama manyoyani, ameshika tete kwa mikono miwili anatafuna, na badala ya kumpiga alisimama kumtazama hadi chai yake ikapoa mezani. Mama alipomuuliza amekwama wapi, alijibu, "Doreen, yule si panya wa ghalani. Anakula kama mtu aliyetoka zamu."

Alikuwa panya-maji, mla nyasi asiyegusa ghala la mtu, ambaye mashamba ya jirani yalikuwa yameshammaliza kwa sumu na kwa mashine za kukatia nyasi, na waliobaki wakaliwa na vicheche wa kigeni waliotoroka kwenye mabanda ya wafugaji wa wanyama wa manyoya. Kuanzia hapo, kila vuli, baba alikata nyasi za ukingo mmoja tu wa mtaro, kwa zamu, na kuziacha za wa pili zisimame mwaka mzima, wanyama wapate chakula na maficho, akaweka vielea, vibao vya kuelea majini vyenye udongo laini juu, ili kicheche akipita aache nyayo, naye amtege. Siwezi kuwadanganya kwamba ilikuwa kazi ya furaha, maana vicheche walirudi kila mwaka, na kuna majira aliyotembea ukingo mzima bila kuona hata bua lililotafunwa, akaingia, akakaa na koti lake la mvua mwilini, akasema, "Basi tena," na asubuhi akarudi kule kule. Mgongo uliharibika, mama alichoka, nami nilichoka kuwasikiliza wote wawili.

Jirani yetu Percy Dowse, aliyekaa pale mbele, alimtania baani miaka yote, "Edwin, bwana wee, mtu akiona mtaro wako atadhani ulishakufa!" Baba alikuwa akimjibu, "Nikifa utajua tu, Percy, utakosa wa kumsema."

Moyo wake ulianza kudhoofika Februari 2018, akalazwa Juni mwaka huu, na mwezi Septemba madaktari wakaturuhusu tumrudishe nyumbani kwa kuwa hapakuwa na la zaidi. Hakuuliza habari za ngano. Kila siku aliuliza neno moja, "Wamekata?" kwa sababu mwaka huu ilikuwa zamu ya ukingo wa magharibi, na mashimo yote ya panya-maji yaliyobaki yako mashariki, ambako hakutaka paguswe, nami nilikwenda dirishani, nikaangalia, nikamjibu, "Bado, baba." Alifariki Ijumaa tarehe 4 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama.

Mnajua desturi yetu, njia atakayopita marehemu hufyekwa ipendeze, na Jumanne Percy alikuja na trekta lake bila kuombwa, akanyoa ukingo wa magharibi vizuri sana, kisha akageuza kuelekea mashariki. Mama alitoka na ndara zake za nyumbani, akasimama mbele ya trekta, akapiga kelele kuliko injini, "Percy Dowse, zima! Ukigusa huo, unizike na mimi!" Percy akazima, akasema, "Doreen, nilitaka aondoke nadhifu." Mama akamwambia, "Lini umemwona nadhifu?" wakakaa chini wote wawili, wakalia. Kwa hiyo ninyi wageni mlioona upande mmoja umenyolewa na mwingine una nyasi za kufika kiunoni, msidhani tulishindwa kumaliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea supu na keki, wakulima wenzake, na Percy, ambaye ameomba kuanzia Jumatatu aangalie vielea yeye, kwani mimi narudi kazini Leicester na miguu ya mama haifiki tena mtaroni. Kama wanyama wenyewe bado wapo, sijui, mwaka huu hakuna aliyemwona hata mmoja.

Baba, nimepita pale asubuhi hii na nimeangalia. Hawajakata. Sasa pumzika, umechoka vya kutosha.