Baba Alikwenda Mazingara na Gunia Tupu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Mimi ni Marta wa hapa Kilole, yule mnayemjua kwa kucheka hovyo na kusema ipo siku ataendesha ndege. Leo nitacheka kidogo tu. Ushuhuda wangu una machozi, na baba yangu ameniruhusu niuseme.

Baba ni Mnyamwezi aliyekuja Korogwe kukata mkonge. Akazaa hapa, akamzika mama hapa. Kaka yangu Petro alikwenda kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mazingara. Homa ikamchukua huko wakati wa masika. Barabara ilikuwa tope tupu, hata basi halipiti. Habari ilipotufikia, Petro alikwisha zikwa na watu tusiowajua.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo baba alikauka. Hakulia. Kanisani hakuja tena. Chakula nilichompikia alikitazama tu mpaka kikapoa. Mtu akimpa pole, anajibu, "Pole ya nini? Mimi sijazika mtu." Nikaishi na hofu kwamba nitabaki peke yangu duniani.

Mwaka uliofuata mvua ikakosekana, mahindi ya Handeni yakakauka. Shule yetu ikaamua darasa la saba tuwapelekee watu wa huko chumvi, maharage na nguo kwa baiskeli, maana lori halikupatikana. Mwalimu akasema msichana haendi bila mzazi. Nikamwambia baba, bila tumaini lolote. Akainua kichwa.

"Mnafika Mazingara?"

"Ndiko tunakokwenda, baba."

"Basi nakwenda."

Nikaruka kwa furaha! Kumbe! Asubuhi ya safari nikaona amefunga jembe kwenye baiskeli, na gunia tupu kwenye keria. Wavulana wakamtania, "Shikamoo mzee, unakwenda kulima njiani?" Hakucheka. Tulipovuka mto tukaanza kusukuma baiskeli kilimani, wenzetu wametangulia, akaniambia polepole, "Namfuata Petro. Nitamchimbua nimlaze karibu na mama yake. Usimwambie mtu."

Ndugu zangu! Kufukua kaburi kwa watu wenye njaa, watu waliomsitiri kaka yangu! Nikaona watampiga. Au atalifungua lile kaburi, na akili yake isirudi tena. Kuanzia pale mpaka Handeni nilikanyaga pedali nikisema, "Yesu, mshike baba." Sala yangu ilikuwa hiyo tu. Pumzi ya nyingine sikuwa nayo.

Tukalala Handeni, kesho yake tukafika kijijini. Vigelegele! Wenzangu wakashusha mizigo, baba akajitambulisha, akauliza lilipo kaburi la mwalimu Petro. Mama mmoja mzee wa Kizigua, Bibi Zaina, akatupeleka. Lilikuwa limefyekwa safi, limezungushiwa mawe, lina msalaba wa miti. Na watu wale ni Waislamu, ndugu zangu!

"Sala zenu hatuzijui," akasema. "Lakini alivaa msalaba shingoni, tukamwekea na mwingine hapa."

Baba akafungua jembe. Bibi Zaina akalitazama jembe, akalitazama gunia, akaelewa. Sasa, mnajua Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na mtani msibani haambiwi nyamaza. Akaketi juu ya kaburi, akanyoosha miguu.

"Nyie Wanyamwezi! Babu zenu wamebeba meno ya tembo mpaka pwani, mizigo haijawatosha tu? Leo mnabeba hata maiti, tena kwa baiskeli!"

"Ondoka, mama," baba akasema.

"Siondoki. Umechelewa mazishi, mtani, mpaka marehemu kachoka kukungoja. Huyu nimemnywesha uji kwa mkono huu. Kafa kichwa chake kikiwa hapa." Akapiga paja lake. "Ukimchimbua, nami nitie guniani. Ila mimi mzito, pancha utaziba mwenyewe!"

Baba akatoa sauti kama ya kicheko, lakini haikufika mwisho, ikageuka kilio. Jembe likamponyoka. Akapiga magoti.

"Alisema nini mwanangu?"

"Alisema usije kwenye matope haya, utaumia njiani."

Hapo baba alilia, ndugu zangu! Bibi Zaina naye akaacha utani, akalia pamoja naye. Kisha baba akachota udongo kwa kiganja, akautupia kaburini, kama mzazi anayezika. Nikaanzisha wimbo. Baba akaupokea. Nilikuwa sijaisikia sauti yake ikiimba tangu msiba ule!

Sisemi huzuni imeondoka. Petro hajarudi, wala hatarudi. Lakini baba anakula, na akipewa pole anasema asante. Namshukuru Mungu aliyempa kaka yangu mama mwingine, mahali tuliposhindwa kufika. Ndugu yangu, kama kuna kaburi unaloliogopa, mtegemee Bwana, inuka uende. Yeye alikwisha fika huko, na amekaa na mtu wako.