Ukuta wa Sentimita Mia na Tisini na Tano

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza fundi wetu, familia imemwomba binti yake wa mwisho asome wasifu huu, naye amezihakiki tarehe zote mara tatu, kwa sababu marehemu hakuvumilia kipimo cha kukisia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, si tarehe 10 kama ilivyochapwa kwenye karatasi mlizopewa, mtoto wa nne wa mshona viatu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1965, akajifunza uashi kwa mjomba wake, na tangu 1970 hadi 2014 akawajengea watu nyumba, bila ukuta wake hata mmoja kupinda. Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa watoto watatu, na alipostaafu alimjengea mkewe ukuta mbele ya uwanja anaofundishia, baada ya mwanafunzi wa miaka minne kuchomoka na kukutwa katikati ya barabara, amekaa, anavaa kiatu.

Hapo ndipo manispaa ilipoingia katika maisha yake, bila hodi. Sheria ndogo inaruhusu ukuta wa mbele usiozidi mita mbili, wa kwake ulikuwa na sentimita 195, lakini mpimaji wa manispaa aliandika 205, akamshtaki, akaomba ukuta ubomolewe, jambo ambalo lingefunga chekechea siku hiyo hiyo. Tarehe 14 Machi 2017 hakimu aliomba kuiona futi iliyotumika kupimia, akaigeuzageuza, akauliza, "Bwana mpimaji, sentimita kumi za mwanzo ziko wapi?" na mpimaji, mtu mzima mwenye tai na kitambulisho shingoni, akajibu, "Zilikatika, mheshimiwa, ila zilizobaki ni nzima." Marehemu akaachiwa huru.

Mtu mwenye haya angenunua futi nyingine. Manispaa ilingoja siku arobaini na tisa, ikamshtaki tena, kwa ukuta ule ule na sentimita zile zile 205, ikidai kwamba kila siku ukuta unaposimama ni kosa jipya, na kwa akili hiyo mtu aliyeachiwa jana ana hatia leo kwa kuamka tu. Marehemu alifika mahakamani mara kumi na moja, nakala ya hukumu ikiwa kwenye mfuko wa plastiki, akirudia kwa upole kwamba mtu hashtakiwi mara mbili kwa jambo lile lile, na mara tisa aliambiwa faili halionekani. Presha ilimpanda kwenye benchi la korido, akapata kiharusi tarehe 20 Februari 2019, akalazwa, akaaga dunia tarehe 3 Machi, saa moja na dakika kumi asubuhi. Siku mbili baadaye kesi ilifutwa, kwa sababu mshtakiwa hayupo, si kwa sababu hana kosa.

Jana, viti vya msiba vikiwa uwanjani, uliletwa wito mwingine. Safari hii hakuna atakayesema mtu yule yule ameshtakiwa tena, maana wameandika jina la mjane, na chini yake, 205.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliopika, wazazi wa chekechea, na mafundi wenzake waliochimba kaburi kwa vipimo sahihi. Manispaa haimo katika orodha hii, ingawa imetuma rambirambi zenye mhuri.

Pumzika, fundi. Shauri ni Alhamisi, saa tatu, na mama ameshaiweka futi yako mkobani, nayo inaanzia sifuri.