Mfupa wa Mughwai

Benchi letu liko barazani pa duka la ushirika hapa Ilongero, upande usiopigwa na jua la mchana, na mtu akitaka kujua habari za kijiji asihangaike kwenda ofisini, aje hapa. Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko ubavuni mwa benchi, kwa hiyo nayasikia yote, nitake nisitake. Idrissa ana birika lake la kahawa na jiko la mkaa. Gaspari tunamwita Redio, ingawa redio hana, kwa sababu taarifa zake hutangulia zile za Dar es Salaam na aghalabu hazifanani nazo. Leonidas ni Msomi. Jioni anafundisha elimu ya watu wazima na kalamu haitoki mfukoni mwake. Manase ni Spika, jina alilopata zamani alipokuwa hamwachi mtu amalize alichoanza. Siku hizi anakaa mwisho wa benchi na kikombe chake, haongei. Aliyekuwa akikaa karibu yake ni Mughwai. Mwaka ule tulipohamia kijijini tulikuwa tunainua gogo la paa la ghala, gogo likateleza upande wa Manase, wote tukaruka, Mughwai akabaki amelishikilia mpaka Manase akatoka chini yake. Halafu likamwangukia mguuni. Mguu ukaoza, akakatwa chini ya goti katika hospitali ya misheni, na sasa habari ilikuwa imefika kwamba amekatwa mara ya pili.

Redio: Sikilizeni. Nimeongea na dereva wa lori mwenyewe, si utingo. Mughwai kakatwa tena kidogo, halafu daktari kachukua kipande cha mfupa, kakilaza katikati ya ile mifupa miwili ya muundi, kakifunga.

Msomi: Ili iweje?

Redio: Mara ya kwanza zilibaki ncha mbili, kila moja inacheza kivyake. Akivaa mguu wa mti zinamchoma, hawezi kuukanyagia. Sasa ziko pamoja. Ana daraja mle ndani.

Idrissa: Daraja ndani ya mguu.

Redio: Ndivyo alivyosema dereva. Mimi siongezi.

Msomi: Na hicho kipande kimetoka wapi?

Swali hilo lilikuwa jepesi. Mtu angepanda lori asubuhi, mchana angekuwa kitandani kwa Mughwai, angemwuliza mwenyewe na kurudi na jibu. Lakini benchi letu halina tabia ya kufuata jibu mahali lilipo. Tunaagiza kahawa nyingine.

Redio: Ng'ombe. Wazungu wale wanachinja kila Jumamosi. Unadhani mifupa yote inaenda kwa mbwa?

Msomi: Mfupa wa ng'ombe ni mzito, bwana. Mtu atatembeaje?

Redio: Wa ndama basi.

Msomi: Hapana. Fikiri kitaalamu. Mfupa wa mtu unataka mfupa wa mtu. Hospitali wanakufa watu wasio na ndugu. Hao ndio wanatoa.

Idrissa: Astaghfirullahi.

Msomi: Nakuuliza, kama marehemu alikuwa mtu wa mbali, labda hajawahi hata kufika Singida, huo mguu utakubali kuja Ilongero? Mughwai anataka kwenda shambani, mfupa unataka kwao. Atafika njia panda, asimame hapo mpaka jioni.

Redio alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mimi nilicheka pia, nisijitoe. Manase peke yake alikuwa anaangalia kikombe chake.

Idrissa: Nyie mnacheka. Mimi nilivyosikia ni kwamba wanachukua kwa anayekuja kumwona mgonjwa.

Redio: Nani kakwambia?

Idrissa: Fikiria mwenyewe. Damu wanachukua kwa nani? Ukifika tu na kuku wako, na pole yako, wanakuuliza, ndugu, unaweza kumsaidia mgonjwa damu? Si ndivyo? Basi wameanza na damu, sasa wamefika kwenye mfupa. Wanakupa chai ya maziwa. Unalala. Ukiamka unachechemea, na hujui kwa nini.

Msomi: Kuna mtu amechechemea?

Idrissa: Mama Anastazia wa kule ng'ambo alikwenda kumwona dada yake. Mtazame anavyotembea sasa.

Mama Anastazia anachechemea tangu mimi nikiwa kijana. Nilijua hivyo, na wao walijua hivyo, na hakuna aliyesema. Uvumi huu ulikuwa unatufaa. Ulikuwa umeanza kama mzaha wa kuchukuliwa damu wiki ile ile Mughwai alipopelekwa, ukakua, na kila ulivyokua ndivyo ulivyotupa sababu ya kukaa hapa. Kabla ya mfupa kisingizio cha kutokwenda kumwona kilikuwa palizi ya shamba la kijiji. Kabla ya palizi, lori lilikuwa limejaa. Tulimchangia hata jogoo wa kumpelekea mgonjwa, kama inavyotakiwa, akawekwa kwa Redio asubiri safari. Redio akapata wageni.

Redio: Nyie hamjui lililo kubwa. Mfupa hauchukuliwi kwa yeyote tu. Unapimwa. Wa Ilongero unashika na wa Ilongero. Kwa hiyo daktari anawataka hasa wale waliokuwa naye siku ile ya gogo. Wamekula pamoja, wamekunywa maji ya kisima kimoja, mifupa yao imezoeana.

Msomi: Hapo umesema jambo. Na nasikia atakayetoa atasamehewa kazi za shamba la kijiji.

Redio: Maisha?

Msomi: Mpaka mfupa uote tena.

Redio: Basi kesho utakuta nusu ya kijiji wako hospitalini wamekunja suruali.

Wakacheka tena. Safari hii kicheko kilikuwa kirefu kuliko utani wenyewe, na kilipoisha kila mtu akawa na shughuli na kikombe chake. Manase akasema neno lake la kwanza siku hiyo.

Manase: Lori liko ghalani.

Kweli lilikuwa limekuja kuchukua magunia ya uwele. Mwanamke kijana alishuka kutoka mbele, kando ya dereva, kavaa gauni jeupe la hospitali na sweta ya buluu juu yake, viatu vimejaa vumbi. Akaja moja kwa moja barazani, akapiga goti kidogo.

— Shikamooni, wazee wangu.

Tukaitikia marahaba, Msomi akajikung'uta kaptura.

— Naitwa Luciana. Natoka hospitali ya misheni, nauguza katika wodi ya wanaume. Hili ndilo benchi la Mughwai?

Redio: Ndilo, mwanangu. Karibu, kaa.

Alikaa palepale karibu na Manase, pasipo kujua, akatutazama mmoja mmoja. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekutana na jamaa.

— Ngoja nisiambiwe. Wewe ni Redio. Na wewe mwenye kalamu ni Msomi. Huyu wa birika ni Mzee Idrissa, anayemwekea tangawizi hata asipoomba. Huyu fundi, alimshonea suruali mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, akamwambia ndio mtindo wa Nairobi.

Wodi nzima, alisema, inatujua. Usiku mgonjwa akilia kwa maumivu wenziwe humwambia Mughwai awasimulie habari za benchi, naye husimulia mpaka walale. Niliinama nikaanza kufungua bobini ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Idrissa alimpa kahawa.

Msomi: Na mgonjwa wetu, anaendeleaje? Tumesikia amewekewa mfupa.

Luciana: Anaendelea vizuri sana. Kidonda kimefunga, picha imeonyesha mfupa umeshika. Keshokutwa tunamsimamisha kwa mara ya kwanza na mguu wa mti.

Msomi: Hicho kipande, samahani, mwanangu, wenzangu walitaka kujua. Kimetoka wapi?

Luciana: Kwake mwenyewe. Kwani kingetoka wapi? Ule mfupa mwembamba wa nje, daktari alipokata, badala ya kutupa kile kipande akakilaza kwenye ncha za ile miwili, kuziunganisha. Ninyi mnaojenga tembe mnajua. Nguzo mbili zikisimama peke yake zinayumba. Ukilaza mti juu yake, zinabeba paa.

Redio akakohoa.

Redio: Tulijua tu ni kitu cha namna hiyo.

Nilimchukia kwa neno hilo, nikajichukia na mimi.

Luciana akaweka kikombe chini. Akashusha sauti, kama mtu anayeingia katika jambo lililomleta.

Luciana: Wazee wangu, nimeomba ruhusa nije mwenyewe kwa sababu kuna tatizo upande wetu, na linatuaibisha. Mughwai ametueleza. Tangu alazwe mnakuja kumwona, tena mara nyingi, lakini kila mkifika mnaambiwa saa ya kuona wagonjwa imepita, mnarudishwa getini. Mara moja mmekuja na jogoo, mkarudi naye.

Jiko la Idrissa lilikuwa linatatarika.

Luciana: Daktari aliposikia alikasirika sana. Watu wametoka mbali hivi, na magari ya shida. Mlinzi wetu wa mchana ni Mzee Simeoni. Ameitwa, amekana. Anaapa hajawahi kumrudisha mtu wa Ilongero. Analia, mzee mzima. Daktari anasema kama ni yeye, aondoke. Nikamwuliza mke wa Mughwai, Kristina, maana yeye yuko pale kila siku anampikia mumewe, akainamia sufuria yake. Kwa hiyo nimeona nije kwenu. Ni mlinzi gani aliyewarudisha? Yukoje? Ni huyu mzee, au yule kijana wa zamu ya jioni?

Alisubiri. Alikuwa na uso mwema, na wema ule ndio uliotuumiza. Kama angekuja kutukaripia tungejua la kufanya, Redio angekuwa na la kujibu, Msomi angetoa kalamu.

Luciana: Msiogope kumsema. Ni kwa faida ya wagonjwa wengine pia.

Nilimwona Mughwai pale kitandani, kila siku ya kuona wagonjwa, wageni wanaingia kwa wenziwe na vikapu, na yeye anatafuta cha kusema kuhusu sisi. Akachagua kutusingizia uzuri. Akatutoa kijijini, akatupandisha lori, akatufikisha mpaka getini, maana zaidi ya hapo uongo wake usingeaminika. Hata jogoo alitupa. Sijui habari ya jogoo aliisikia wapi. Labda hakuisikia, labda alijua tu kwamba watu wa kwao wasingekwenda mikono mitupu.

Luciana: Mzee Msomi?

Msomi akaigusa kalamu yake, akaiacha mfukoni.

Luciana: Mzee Redio? Yeye anasema wewe huwa hukosi jibu.

Redio alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Idrissa aligeuka akawa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Manase: Hakuna aliyeturudisha.

Alisema polepole, bila kuinua kichwa.

Manase: Mwambie daktari yule mzee hana kosa. Hatukuja, dada. Hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa chini ya gogo, na mimi sikuja.

Luciana alitutazama tena mmoja mmoja, majina yale yale, na niliona namna uso wake ulivyojifunga. Akachukua kikombe chake akakirudisha kwa Idrissa mikono miwili, kwa adabu, kahawa ikiwa nusu. Akasimama.

Luciana: Lori linarudi sasa hivi. Nyuma kuna nafasi juu ya magunia.

Akaenda. Hakutazama nyuma kuona nani anamfuata.

Manase akainuka. Alikuwa na shati la kazi lililopasuka begani na miguu mitupu, hakwenda nyumbani kubadili wala kuaga. Sisi tulimfuata mpaka ghalani, sijui kwa nini, pengine kwa sababu kubaki barazani kulikuwa kugumu zaidi. Akapanda, akakaa juu ya gunia, dereva akawasha gari. Hapo Manase akatuinamia, akauliza kama mtu yeyote wa huku anavyouliza akienda kwa mgonjwa.

— Mnaniagiza nini?

Kila mtu anajua linalojibiwa. Unasema mpe pole. Mtoto mdogo anajua, mlevi anajua, hata mtu mliyegombana naye utamwagizia. Nilimsubiri Redio aseme. Redio alimsubiri Msomi. Idrissa alikuwa ameshika birika, amekuja nalo bila kujua. Manase akauliza tena, kwa sauti kubwa ishinde mngurumo wa gari, akatutazama, na lori likaondoka tukiwa tumesimama vile vile.